Kiti cha Kwembago

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, redio zipo, simu zipo na ahadi za wakubwa zimejaa tele, palikuwa na chama kidogo kikiitwa Chama cha Kinu. Kidogo kweli. Tusianze kutia chumvi mapema hivi, chumvi ina mahali pake huko mbele.

Mkoa wenyewe ulikuwa milima upande huu na tambarare upande ule. Waliotawala ni Chama cha Tarumbeta, chama chenye magari, chenye fulana, chenye vipaza sauti vya kuwaamsha hata wagonjwa. Kinu hakikuwa na gari. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, na wajumbe wakitoka kikaoni walikuwa weupe kwa unga mpaka kwenye kope. Watu wa Tarumbeta walikuwa wakivunjika mbavu. "Hebu ona, Kinu kimepanga kwa mashine!" Na wengine: "Waacheni, kazi ya kinu ni kutwangwa." Na kila uchaguzi wa Baraza la Mkoa, kiti kimoja kila kata, ulipokuja, Kinu kilitwangwa kweli. Kikatwangwa. Kikainuka. Kikatwangwa tena.

Mwenyekiti wake alikuwa Bi Nakiete, fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde na mtu huyo akaitika. Uchaguzi wa kwanza aligombea yeye mwenyewe. Kura zilikuwa chache kiasi kwamba aliweza kujua ni ndugu gani kamdanganya. Siku ile alilia, na hakujificha. Aliyempelekea maji ya kunywa alikuwa Mbonea, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha kazi yake ya ualimu ili awe katibu wa chama kisicho na hata kiti cha kukalia.

"Mama Mwenyekiti," Mbonea akasema, "tutarudi."

Bi Nakiete akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mwalimu, nisikilize. Siku chama hiki kikipata kiti chake cha kwanza, kiti hicho ni chako. Nimesema, na hawa wote wamesikia."

Wote walisikia. Hata mwenye mashine alisikia, na siku hiyo mashine ilikuwa inanguruma.

Baada ya hapo Mbonea akapanda milima. Mvua ikinyesha, Mbonea yuko njiani. Jua likiwaka, Mbonea yuko njiani. Aliingia nyumba hadi nyumba, akasaidia kupukuchua mahindi huku akieleza habari za barabara, habari za maji, habari za zahanati isiyo na dawa. Watu walimpenda, wakampa uji, wakamwitikia kwa kichwa, kisha siku ya kura wakaipa Tarumbeta. Ndivyo walivyozoea. Ugonjwa wa mazoea hauna dawa dukani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Watu wa milimani na watu wa tambarare walikuwa watani. Mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona afadhali wataniane. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka na kumpa kuku. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, hukohoa kama yeye, hudai madeni yake, mpaka waliokuwa wakilia wacheke, na waliocheka walie upya. Na ni yeye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Mtani hajatupa, hakuna anayetupa. Juu ya yote hayo kuna sheria moja tu, na kila mtoto wa huko anaijua: mtani hakasirikiwi.

Katika kata ya Kwembago, juu kabisa milimani, alikuwepo Mzee Kadeghe, mwenyekiti wa Tarumbeta wa kata. Mtu mwema, msiniulize zaidi. Kosa lake lilikuwa moja, kuahidi yale aliyotumwa kuahidi. Na mtani wake alikuwa Mhando, fundi baiskeli, mtu wa tambarare aliyeoa mlimani akabaki huko huko. Mhando alikuwa mwanachama wa Kinu, tena wa kupiga ngoma mbele ya mkutano. Kidomodomo chake hata mkewe kilimshinda.

Uchaguzi wa mkoa ukakaribia. Bi Nakiete akaita kikao, akaonya: "Tarumbeta wanapiga siasa mpaka makaburini. Sisi hapana. Msibani hatupigi siasa. Atakayefanya hivyo, si mwenzetu."

"Tumesikia, Mama," wakajibu wote, na Mhando alijibu kwa sauti kuliko wote.

Haikupita muda, Mzee Kadeghe akafa.

Mazishi yakawa makubwa. Tarumbeta walikuja kwa msafara. Aliyewaongoza alikuwa Mheshimiwa Senzia, mzaliwa wa Kwembago hiyo hiyo, ila mji ulikuwa umemkaa mpaka kijiji kikamtoka. Wakalitandika jeneza bendera ya chama. Mheshimiwa akasimama kando ya kaburi, akahutubia. Akaeleza mafanikio. Akaeleza mipango. Jua likawachoma waombolezaji, wazee wakahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule, naye bado anaeleza. Bi Nakiete alikuwa ameketi na wanawake karibu na mjane, Bi Ruzuna, na alimwona mjane akifumba macho.

Mara watu wakasikia kikohozi. Kikohozi cha Mzee Kadeghe chenyewe, kile kikavu cha mara mbili mbili! Wakageuka. Mhando huyo, kavaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anakuja taratibu na mkono mmoja nyuma mgongoni, vile vile marehemu alivyokuwa akitembea.

"Jamani," akasema kwa sauti ya Mzee Kadeghe, "mimi nimeshafika huko. Mlangoni nimemkuta mzee mmoja mkali. Kaniuliza, Kadeghe, barabara ya Kwembago iko wapi? Nikamjibu, ipo mbioni. Kaniuliza, na maji? Nikamjibu, yapo kwenye mchakato. Kaniuliza, na dawa za zahanati? Nikamjibu, upembuzi unaendelea. Basi kanitazama, akaniambia, Kadeghe, na wewe kaa hapo nje. Nafasi yako ipo kwenye mchakato."

Watu walicheka! Walicheka wakashikana mabega. Bi Ruzuna mwenyewe, mjane wa watu, alicheka mpaka machozi yakamtoka upya, na yale hayakuwa machozi mabaya. Hata vijana wa Tarumbeta walicheka ndani ya fulana zao mpya.

"Kwa hiyo nimerudi mara moja," Mhando akamalizia, "niipigie Kinu kura, pengine nitafunguliwa."

Bi Nakiete alikuwa anacheka. Aliposikia neno Kinu, akaacha. Akajisemea, Mhando, umeniua.

Mheshimiwa Senzia uso ulimwiva. Angecheka tu pale pale, yangeisha. Angetoa kuku, angepigiwa vigelegele. Lakini alisahau yeye ni nani na yuko wapi. Akanyoosha kidole. "Mkamateni huyo! Anamtusi marehemu, anafanya kampeni bila kibali!"

Askari wawili waliokuja na msafara wakatazamana, wakasita, kisha wakamshika Mhando wakampakia garini. Akaondoka vile vile, koti la marehemu mwilini, kofia ya marehemu kichwani.

Mheshimiwa akasafisha koo. "Tuendelee na mazishi."

Hakuna aliyesogea. Jeneza likavuliwa bendera, likateremshwa, lakini majembe yakabaki yamelala. Nani atupe udongo wa kwanza? Mtani yuko kituoni.

Ndipo Bi Ruzuna akainuka. Hakuwa mwanamke wa kusema hadharani. Tangu aolewe alikuwa akipika chai ya vikao vya Tarumbeta bila kuulizwa yeye anawaza nini. Akasimama ukingoni mwa kaburi la mumewe. "Mume wangu hafukiwi mpaka mtani wake arudi. Mimi nakaa hapa." Akaketi juu ya udongo.

Wanawake wakaketi. Wazee wakaketi. Kwembago nzima ikaketi.

Lakini vijana hawakuketi. Vijana wa Kinu, na wasiokuwa wa Kinu, walishika fimbo na mawe, wakashika njia ya kituoni. Wangefika, mngekuwa mnasikia hadithi nyingine leo, ya vilio na magari kuchomwa, na Mheshimiwa angesema redioni, mnaona Kinu ni watu gani? Mbonea aliwawahi kwenye daraja la magogo, lililo jembamba, akasimama katikati yake peke yake. Jiwe moja likampata kwenye paji la uso. Damu ikamshuka mpaka kidevuni. Hakuondoka.

"Nimewafundisha nyinyi kusoma," akawaambia. "Wewe Mchome nimekufundisha. Wewe Kaniki, na wewe uliyetupa jiwe nakuona, nawe nimekufundisha. Mkitaka kupita, nisukumeni mtoni kwanza."

Ni nani angemsukuma? Mmoja akaangusha fimbo. Mwingine akaangusha. Wakarudi naye kaburini, wakaketi na mama zao.

Wakakaa. Jua likapinda, wakakaa. Mheshimiwa akapiga simu huku, akapiga simu kule, na kila aliyempigia alimuuliza jambo moja: "Umemfunga mtani? Msibani?" Mwishowe gari likarudi. Mhando akashuka, kakunja uso, kakohoa kile kikohozi. "Huko nako wamenikataa," akasema. Watu wakacheka na kulia. Akatupa udongo wa kwanza, na mzee wa watu akazikwa.

Bi Ruzuna akaichukua bendera iliyokuwa juu ya jeneza, akaikunja vizuri kama anavyokunja mashuka yake, akamkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili. "Asante kwa kutusindikiza, baba. Hii mrudi nayo."

Kuanzia siku ile, Kwembago si ya Tarumbeta tena. Fulana za Tarumbeta zikawa za kudekia. Wazee walioipa kura tangu ujana wakaja wenyewe kumtafuta Mbonea, wakamwambia, Mwalimu, tueleze tena zile habari za barabara, safari hii tunasikiliza. Kwingine mkoani Kinu kilikuwa kitatwangwa kama kawaida, hilo Bi Nakiete alilijua na wala halikumnyima usingizi. Lakini Kwembago? Kwembago ilikuwa mkononi. Ungekisimamisha kinu chenyewe kigombee, cha mti, kisichosema, kingeshinda.

Sasa tabu ikawa hiyo. Si nani atashinda. Yeyote angeshinda. Tabu ni nani apewe.

Siku ya kupeleka jina la mgombea ikafika, na sheria ilitaka jina moja, kabla ofisi ya msimamizi wa uchaguzi haijafungwa alasiri. Kikao kilifanyikia uani kwa Bi Ruzuna, kwa kuwa mjane wa milimani havuki ua wake mpaka mavuno mapya, na mavuno yalikuwa bado. Pikipiki ya kupeleka jina ikawa inangoja nje. Wajumbe wakaketi kwenye mikeka, na safari hii walikuwa weusi, hapana unga.

Mhando akaanza, nani angemzuia? "Wenzangu, nisemeni mtakavyo. Mbonea kahubiri mlima huu mpaka viatu vimeisha, aliyesikia nani? Mimi nimekohoa mara moja tu, watu wakaamka. Nimelazwa sakafuni kituoni na koti la maiti. Bila mimi, nani angecheka? Na bila kicheko kile, kiti hiki kingetoka wapi?"

Bi Nakiete akamkazia macho. "Nilisema msibani hatupigi siasa. Ulisikia, hukusikia?"

"Nilisikia, Mama. Sikupiga siasa. Nilipiga utani."

"Na lile la kura mwishoni?"

Mhando akajikuna kichwa. "Lile alisema marehemu."

Ua mzima ukaangua kicheko, na Bi Nakiete akacheka pia, na hasira yake kwa Mhando ikabaki pale pale ilipo.

Mbonea akafuata. Kidonda cha kwenye paji kilikuwa kimebaki kovu. "Mimi si mtu wa kuchekesha. Lakini mbegu aliyoiona Mhando imeota, ni nani aliyepalilia shamba? Watu walicheka kwa sababu walijua barabara haipo, na mimi ndiye niliyewaonyesha mwaka hadi mwaka. Na siku ile, bila mimi, nani angewazuia vijana? Jiwe moja tu lingefika kituoni, leo chama kingekuwa kimefutwa na sisi tungekuwa ndani." Akamtazama Bi Nakiete, si wajumbe. "Na kuna neno niliambiwa. Sitalirudia. Aliyelisema analikumbuka."

Bi Nakiete akainamisha uso. Alilikumbuka vizuri sana.

Wa mwisho akawa Bi Ruzuna. Alikuwa mlangoni, shuka la msiba mabegani. "Sikuomba kitu. Wenye kata wamenijia hapa uani mmoja mmoja wakaniambia nikubali, basi nakubali. Kadi yenu nimeichukua juzi, najua. Utani ungechekesha na kuisha. Vijana wangerudi na kulala. Bila mimi, nani angeketi? Kwembago haikuikataa Tarumbeta ilipocheka. Iliikataa ilipoketi. Na mimi nilikuwa na cha kupoteza kuliko nyote. Nilimweka mume wangu wazi kaburini, juani, mbele ya wakwe zangu. Mnajua mwanamke wa huku anasemwaje kwa hilo?"

Mchome, kijana mjumbe, akauliza kwa adabu, "Bibi, lakini kampeni utafanyaje nawe huvuki ua?"

"Nimeanza lini kuwafuata? Si wanakuja?"

Na kweli, nje ya ua walikuwa wamejaa.

Wakapiga kura za wajumbe. Zikagawanyika sawa pande tatu, na uamuzi ukamrudia mwenyekiti. Mmoja akasema, tupige bahati nasibu. Bi Nakiete akawaka. "Tarumbeta tumewalaumu tangu tuanze, kwamba wanagawa vyeo ovyo ovyo. Leo tumepata kimoja, kimoja tu, nasi tukigawe kwa kubahatisha? Basi tulikuwa tunapiga kelele za nini?"

Mwingine akasema, "Basi chukua wewe, Mama. Umetulea wote."

Tusifichane, moyo wake uliruka. Aliyaona yote kwa mara moja, kiti, ukumbi, jina lake likitajwa na wale waliomcheka. Alikitaka kiti kile. Alikitaka sana. Kisha akamwona Mbonea akitazama chini, na akatikisa kichwa. "Mimi siku ile nilicheka nikaketi kama wengine. Sina dai."

Mzee mmoja mkorofi akasema kutoka nyuma, "Basi tumpe Mheshimiwa Senzia. Bila yeye kukosea tungepata wapi kiti?" Wakacheka mpaka mwenye pikipiki akachungulia kuuliza kama tayari.

Hawakuwa tayari. Bi Nakiete akainuka. Hakuwa na hofu ya Tarumbeta, hofu hiyo ilikwisha. Hofu yake ilikuwa hii, kwamba chama chake kilijiita cha haki tangu siku kilipokuwa hakina chochote cha kugawa, na sasa haki yenyewe ndiyo hii, inataka jina moja. Akimpa Mbonea, ametimiza neno lake, na kata itauliza kwa nini imekataliwa mtu iliyemtaka. Akimpa Bi Ruzuna, ameisikiliza kata, na amemfundisha Mbonea kwamba kuvumilia ni upumbavu. Akimpa Mhando, amemlipa aliyekifungua kinywa cha Kwembago, na amewaambia wanachama wote kwamba amri ya mwenyekiti ni ya kuvunjwa ukiwa na bahati.

Wote watatu walikuwa mbele yake. Wote watatu alikuwa anawapenda. Akavuta pumzi, akanyoosha mkono amguse mmoja begani.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mkicheka tangu mwanzo, mkono ule sasa ni wenu. Mtamgusa nani? Semeni msione haya. Je, nani alistahili? Na ukishamgusa wako, wale wawili bado wamesimama hapo wanakutazama usoni. Utawaambia nini?